Kampanye moja, vitu vitano: Mama Munganga anajibu

Kila mara kampanye ya chanjo ikipita hapa Bukavu, sanduku la maswali la gazeti linajaa. Zamani watu walikuwa wanauliza tu kama sindano inauma. Siku hizi waganga (watu wa afya) wanakuja na chanjo, vitamini A, dawa ya minyoo, kamba ya kupima mkono, pengine hata na mtu wa kuandika wazaliwa, basi na maswali yenyewe yamechanganyika hivohivo. Nimechagua machache, yale mengine yanafanana.

Mama Munganga jambo. Miye niko na mtoto wa mwaka moja na nusu. Ku kampanye walimuchoma sindano ya surua, wakamuangushia matone ya polio mu kinywa, wakamukatia kile kidonge chekundu cha vitamini, wakamupa na dawa ya minyoo, yote ndani ya dakika chache. Ile usiku mtoto akapata homa ya kuunguza. Shemeji yangu anasema mwili wa mtoto hauwezi kubeba vitu vinne mara moja, na kwamba wanachanganya juu wanataka kupunguza franga. Ni kweli? — Mama wa Cimpunda

Jambo mama. Shemeji yako amesema mambo mawili na moja ni kweli, tuanze na hilo. Ndiyo, wanachanganya juu ya makuta, ni kusema pesa, na sioni aibu yoyote hapo. Ukitaka kufikisha chanjo Idjwi kule kisiwani unalipa mtumbwi, mafuta ya injini, barafu, watu wa kubeba, watu wa kuandika. Ule mtumbwi ukienda na chanjo peke yake, kisha mwezi kesho urudi na vitamini, mwezi wa tatu urudi na dawa ya minyoo, ni mtumbwi mara tatu kwa watoto walewale. Na wewe pia unalipa mara tatu, siku tatu za kufunga genge lako pale sokoni, hiyo hakuna mtu anaihesabu ila mimi naihesabu.

Sasa la pili, kubeba vitu vinne. Mwili hauvipokei mahali pamoja. Sindano ya surua inaingia chini ya ngozi ya mkono, matone ya polio yanafanya kazi tumboni, vitamini A inaenda kuwekwa kwenye maini mwili uitumie kidogokidogo kwa miezi, na dawa ya minyoo inabaki karibu yote ndani ya matumbo, inaua minyoo kisha inatoka nayo. Tena vitamini A na surua ni marafiki wa zamani, OMS (Shirika la Afya Duniani) walishasema tangu 1987 kwamba penye upungufu wa vitamini A chanjo ya surua iende pamoja nayo, juu surua ikimkuta mtoto ambaye vitamini A imemuishia ndo unaona macho yanaharibika, wengine wanabaki vipofu. Kidonge chekundu ni cha mwaka moja kwenda juu, cha buluu ni cha miezi 6 hadi 11, kwa hiyo huyo alipewa cha rangi yake. Kinarudiwa kila miezi 4 hadi 6, hapo katikati lengalenga (mchicha), maembe na mawese mekundu yaendelee.

Lakini ile homa, mama, hapo usiharakishe kulaumu kampanye. Homa ya chanjo ya surua haina haraka, mara nyingi inakuja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati wewe umeshasahau hata tarehe ya sindano. Homa ya usiku uleule ni tabia ya Penta, ile chanjo ya magonjwa matano ya watoto wadogo wa wiki 6, 10 na 14, sasa mtoto wa mwaka moja na nusu kwenye kampanye ya surua hakupewa Penta. Kwa hiyo mtoto akiwaka moto usiku huohuo mimi nafikiria malaria kwanza. Mpeleke sentre ya afya wamtoboe kidole wamfanyie TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, ni dakika kumi na tano tu. Nimeona watoto wengi wamekaa nyumbani na malaria yao siku tatu nzima juu mama anasema ni chanjo, itapita, na bibi naye anasema ni chanjo, itapita.

Kitu kingine ulicholeta bila kujua: umeandika sindano kwanza, dawa ya minyoo mwisho. Kama kweli walifuata ule mpangilio, walikosea. Nitarudi kwa hiyo chini, kwa yule reko (mtu wa kujitolea wa afya mtaani) wa Bagira.

Wanapita nyumba kwa nyumba na matone ya polio mpaka kwetu juu ya mlima. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na hajafika CPN (kupimwa mimba) hata mara moja, sentre iko mbali na moto (pikipiki) inaomba makuta mingi. Nikawaomba wamupime basi, si ni waganga? Wakanijibu hiyo si kazi yetu baba. Wanatembea na glasieri (sanduku la barafu) tupu kwa mgongo, mimba inawashinda? — Baba wa Panzi

Baba, nacheka lakini nakuelewa. Kwanza hao waliokuja kwako wengi si waganga. Matone ya polio yanamezwa, ndo maana anaweza kuyatoa mtu yeyote aliyefundishwa siku moja mbili, jirani yako, mwalimu, reko. Sindano haiwezi hivyo. Sindano inaomba infirmiye (muuguzi), inaomba sirenge inayojifunga yenyewe isitumike mara ya pili, inaomba lile boksi gumu la kutupia sirenge, ndo sababu siku ya surua wanakuita kwenye kanisa ama shuleni na siku ya polio wanakufuata mlangoni. Na mimba je? Mimba inaomba tansyometri ya kupima presha, mahali pa mama kulala, kusikiliza moyo wa mtoto, kipimo cha damu, mkojo, kipimo cha VIH (ukimwi) pamoja na maongezi yake. Mlangoni kwako na majirani wanachungulia, kweli?

Hapa mimi nina msimamo wangu na sijaubadilisha tangu nilipokuwa superviza. Kuna vitu vinapanda vizuri juu ya mgongo wa kampanye, na kuna vitu vinaanguka njiani. Vinavyopanda ni vile vinavyoisha kwa dakika moja, ni vilevile kwa kila mtoto na havina siri: vitamini, dawa ya minyoo, chandarua, kamba ya mkono. Togo walifanya hivyo Desemba 2004 kwa nchi nzima, chanjo ya surua, polio, dawa ya minyoo na chandarua chenye dawa kwa watoto wadogo, wiki moja tu, na ilikuwa mara ya kwanza nchi nzima kufanya hivyo. Kabla yao Ghana walikuwa wamejaribu kwenye wilaya ya Lawra 2002, na Zambia wilaya kadhaa 2003. Wamama ambao hawakuwahi kununua chandarua hata siku moja walirudi nacho kichwani juu walikuja kuchanjisha mtoto. Hiyo ilipanda vizuri.

Kinachoanguka ni kile kinachoomba maongezi. Ukiweka CPN nzima juu ya meza ya kampanye, ama mstari unakufa, ama mama anapimwa vibaya harakaharaka na anarudi nyumbani akifikiri amepimwa. Mimi naogopa hilo la pili zaidi.

Ila wale vijana waliokujibu "si kazi yetu" walikosa adabu na walikosa kazi pia. Mtu akikutana na mama wa miezi saba hana fishi (karatasi ya sentre), amuandike kwenye kaye (daftari), jina, avenyu, namba ya simu, jioni ile karatasi iende kwa infirmiye mkuu wa eri ya afya (eneo la sentre) na kesho reko apande kumuona. Ni mstari moja wa biki. Kampanye ni macho yanayofika mahali sentre haifiki, sasa ukiona kitu usikiandike umetembea bure.

Wewe sasa usingoje mtu. Miezi saba bado kuna kazi kubwa ya kufanya. Ataanza chanjo ya Td ya kumlinda yeye na mtoto na pepopunda, dozi mbili zinazoachana angalau wiki 4, na ile ya pili ipite angalau wiki 2 kabla ya kuzaa, kwa hiyo hesabu mwenyewe, ukingoja mwezi wa nane mlango unafungwa. Atameza Fansidar ya kuzuia malaria mbele ya infirmiye, kila mwezi mpaka kuzaa. Atapewa feri ya kuongeza damu, atapimwa presha, ataomba chandarua cha CPN kama kipo stoku. Na kama mna mtoto mwingine chini ya miaka mitano, piga simu sentre uulize siku gani wanafanya CPN na kupima kilo pamoja. Sentre nyingine wamepanga hizo mbili asubuhi moja, moto moja inabeba mama na mtoto. Kama yenu haijapanga hivyo, sema kwenye kikao cha kodesa, hicho kikao cha wakazi na sentre kipo kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya kunywa fanta.

Mtoto wangu ana miezi 7, alipata surua ya kampanye wakamupaka wino ku kidole kidogo. Infirmiye wa sentre ananiambia nimurudishe akifika miezi 9 achomwe tena ileile. Si wino inaonyesha amemaliza? Tena fishi yetu ilibaki tulipokimbia, sina hata kitu cha kuonyesha. — Mama wa mapacha, Nyamugo

Wino inaonyesha kwamba katika kampanye hii timu isimrudie, basi. Inafutika na sabuni siku chache. Haionyeshi kwamba amemaliza kitu chochote.

Dozi ya kabla ya miezi 9 tunaitoa wakati wa hatari, pale surua inapotembea, lakini mtoto wa miezi 7 bado ana kinga aliyoipata kwako na ile kinga inaipiga chanjo kabla haijashika. Kwa hiyo hatuihesabu. Miezi 9 anarudi, na iwe angalau wiki 4 zimepita tangu ile ya kwanza. Siku hiyohiyo anapata na ya homa ya manjano. Hizi mbili ama zinachomwa siku moja, ama zinaachana wiki 4, hakuna katikati, mtu akikwambia rudi wiki kesho kwa ile nyingine mwombe aulize mkubwa wake. Kisha mwaka wa pili uulize dozi ya pili ya surua.

Na juu ya nini kurudia? Juu dozi moja ya miezi 9 inalinda watoto kama 85 kwa 100. Wale 15 waliobaki wanatembea nao mtaani hakuna anayewajua. Wajumlishe na wale ambao hawakuchomwa kabisa, kila mwaka, mwisho wanakuwa wengi na moto unawaka. 2019 hapa Kongo tulihesabu zaidi ya watu 310,000 walioshukiwa kuwa na surua na zaidi ya 6,000 walikufa, karibu wote watoto. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inaangalia Ebola ya Beni na Butembo, na surua iliua zaidi kuliko Ebola ile.

Fishi sasa. Usiogope kwenda bila fishi, hakuna sheria ya kukurudisha. Waambie mapema ilibaki wapi, kama ulichanjisha kwenye sentre fulani wanaweza kutafuta kwenye rejista kubwa, kama haipatikani wanaendelea kana kwamba hakupewa. Kurudia dozi hakumuumizi mtoto, kuruka dozi ndo kunaumiza. Wakikupa fishi mpya ipige picha na simu palepale, pande zote mbili, na umtumie dada yako au mtu wa nje ya mji. Na ile ya pacha wa pili pia, umeandika mtoto moja tu, mwenzake alikuwa wapi siku ya kampanye?

Mimi ni reko Bagira. Kwenye kampanye ya mwisho tuliambiwa tuchanje, tutoe vitamini, mebendazole (ile dawa ya minyoo), tupime mkono, tuandike wazaliwa wasio na akti (cheti cha kuzaliwa), tuhesabu na wamama wenye mimba. Watu walewale watano, meza ileile, peridiyemu (posho) ileile. Saa sita mstari ulifika barabarani, watu wakaanza kurudi nyumbani. Tufanye nini ginsi inakuja nyingine?

Kaka, asanti kwa kuandika, wewe ndo unaniandikia jambo lenyewe. Wanaopanga juu kwenye ofisi wanaona mstari moja kwenye karatasi, "ongeza vitamini A", hawaoni mikono. Kile kidonge unakata ncha na mkasi, unakamua kwenye mdomo wa mtoto anayekataa, nusu inaishia kwenye kidevu, unafuta vidole kwenye karatasi juu mafuta yanateleza, unachukua biki, unaweka alama, unaita mwingine. Kila kitu unachoongeza juu ya meza kinaongeza mtu, kama hakuongezwa mtu basi kilichoongezwa kitakula kile kilichokuwepo, na mara nyingi kinachokuliwa ni chanjo yenyewe ama uandishi wake. Sema hivyo kwenye mkutano wa kujiandaa, mbele ya watu, na uandike kwenye ripoti.

Ginsi mnaweza kujisaidia nyinyi wenyewe: meza isiwe moja, iwe njia. Mlangoni mtu wa kuuliza umri tu, juu umri ndo unaamua kila kitu, chini ya miezi 6 hapana vitamini, chini ya mwaka hapana mebendazole. Hatua ya pili kamba ya mkono, kuanzia miezi 6: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto huyo haendi kwenye mstari tena, unamshika mama yake mkono mnaenda kwa infirmiye palepale, karatasi ya kwenda sentre ya lishe iandikwe kabla hajaondoka. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, unamuandika reko mwenzako amfuate nyumbani. Hatua ya tatu mdomo: matone, vitamini, mebendazole. Mwisho kabisa sindano. Mdomo kabla ya sindano, hilo usilibadilishe hata siku moja. Mtoto aliyechomwa analia, ukimpa kidonge akilia kinaingia njia ya hewa, na watoto wameshakufa hivyo katika nchi zingine. Mebendazole kwa mtoto mdogo ipondwe, ichanganywe na maji kidogo, ukimuona analia mngoje anyamaze, usimbane pua. Mama wa Cimpunda huko juu, ndo nilichokuwa nasema.

Wazaliwa na mimba waandikwe wakati wa kungoja baada ya sindano, si kabla. Pale mama amekaa anamnyonyesha mtoto anyamaze, ana dakika kumi, anaongea vizuri. Kama hamna mtu wa kufanya hiyo, iacheni, mimi naona ni bora kampanye yenye vitu vitatu vilivyoandikwa vizuri kuliko sita ambavyo kesho hakuna anayejua nani alipata nini. Ya peridiyemu siwezi kuisaidia kwenye gazeti, ila una haki.

Niko na mimba ya miezi mitano, nilipeleka mtoto wangu mkubwa ku vitamini nikaomba na mimi kile chekundu, mama moja akanifukuza kama mwizi. — Binti wa Nguba

Kukufukuza ni ubaya, kukunyima ni sawa. Kile chekundu ni dozi kubwa sana, mama mwenye mimba hapewi, inaweza kuharibu mtoto aliye tumboni. Hata baada ya kuzaa hatutoi tena, OMS waliacha kupendekeza tangu 2011. Wewe kula lengalenga na mawese, na umeze feri na asidi foliki ya CPN.

Nilienda kuchanjisha mtoto wa wiki 6, infirmiye akaniuliza kwa sauti mbele ya mstari mzima "na plani familiali (uzazi wa mpango) mama, unatumia nini?" Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nyumbani ilikuwa vita. Juu ya nini wanachanganya hiyo na chanjo? — Nimeficha jina

Pole binti yangu. Sababu ya kuchanganya ni nzuri: mama wa wiki 6 anakuja kwa chanjo hata kama haji kwa kitu kingine, na ndo wakati mimba nyingine inaweza kushika bila hata yeye kuona damu ya mwezi, hasa kama mtoto anapewa na uji ama maziwa mengine. Ila namna ndo iliyoharibika. Liberia walijaribu hii vizuri, mchanjaji anamaliza chanjo, anamwambia mama maneno mafupi tu moja kwa moja, na anayetaka anaonyeshwa mlango mwingine aende siku ileile, mambo mengine yanaongelewa kule ndani. Hakuna kuuliza "unatumia nini" kwenye meza.

Wewe rudi wiki ya 10 kwa Penta ya pili, fika mapema, umwambie infirmiye polepole "nataka kuongea na wewe peke yangu". Kama unanyonyesha maziwa ya titi peke yake usiku na mchana, damu haijarudi na mtoto hajafika miezi 6, hiyo yenyewe inakulinda kwa sasa. Kitu kimoja kikikosa hapo, ulinzi umeisha. Wapo wanaochagua sindano, wapo wanaochagua kijiti cha mkononi, hiyo utaamua kule ndani na mlango umefungwa. Mama mkwe aje siku ya kupima kilo, huko anakaribishwa.

Ile karatasi ya kuzaliwa waliyonipa maternite ndo akti ya kizazi? Mtoto ana miezi miwili. — Baba wa Nyawera

Hapana baba. Ile ni shahada ya sentre tu, inashuhudia kwamba mtoto alizaliwa kwao. Ipeleke komini, ofisi ya eta sivili inayoandika wazaliwa, kabla ya siku 90 tangu kuzaliwa, akti ni bure ndani ya huo muda. Una mwezi moja tu mbele yako. Zikipita siku 90 itabidi upitie tribinali (korti) kwanza, na huko ndo utaanza kulipa. Wiki 10 unapeleka mtoto kwenye Penta ya pili, basi pitia komini njiani na karatasi zote mbili, ile ya maternite na fishi ya chanjo, na kitambulisho chako.